Mdomo unaovimba na kugoma kushuka: kagua mdalasini na benzoeti

Mdomo ukivimba dakika chache baada ya kula karanga au kamba, na pumzi ikabana, hiyo ni dharura: kimbia hospitali. Uvimbe tunaouzungumzia hapa ni wa polepole. Mdomo unajaa, unashuka, unajaa tena, mpaka siku moja haushuki. Ukiubonyeza ni mgumu kama mpira, umepasuka katikati, na pembeni una vidonda. Kitaalamu huitwa granulomatosisi ya kinywa na uso, jina lililotolewa mwaka 1985.

Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu wakiacha mdalasini na benzoeti (kemikali za kuhifadhi vyakula na vinywaji visiharibike) kwa wiki 12. Wiki mbili hazitoshi kabisa. Soma lebo za soda, juisi za chupa, tomato sosi na achari: tafuta namba E210 hadi E219, au maneno sodium benzoate.

Mdalasini ndio unaowaponyoka wengi. Umo kwenye masala ya chai, ya pilau, kwenye chingamu, hata baadhi ya dawa za meno. Mtu ameacha soda kwa nidhamu, kumbe kila asubuhi anausugua kwenye fizi! Viungo vya pilau saga mwenyewe.

Mdomo ukitulia, rudisha kitu kimoja kimoja, si vyote kwa mpigo, la sivyo hutajua mkosaji ni yupi. Daktari akate kipande kidogo cha mdomo kipimwe, aulize pia habari za tumbo, kwani ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) huweza kuanzia mdomoni, hasa kwa watoto. Mtoto asianzishiwe mlo huu bila mtaalamu wa lishe.