Siku ya Nne Bila Umeme: Siku Moja ya Fundi wa Majengo Mjini Houston Baada ya Beryl

Saa kumi na moja alfajiri ya Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, joto la ndani lilikuwa bado lile lile tuliloingia nalo kitandani. Majengo mengi ya kupangisha ya upande wa kusini-magharibi wa Houston yalijengwa kwa kutegemea viyoyozi, na chumba huwa na dirisha upande mmoja tu, kiasi kwamba hata ukilifungua usiku kucha hewa haipati pa kupita. Mimi ni fundi wa matengenezo katika mojawapo ya majengo hayo, karibu na Gulfton, na pia ni mpangaji humo humo, pamoja na Wakongo, Wahonduras, Wavietnamu, Waafghani na Watanzania wachache. Kwa hiyo umeme unapokatika, wateja wangu ni majirani zangu, na kazi haina mahali inapoanzia wala inapoishia.

Beryl ilikuwa imetufikia Jumatatu. Kimbunga hicho kiliingia nchi kavu karibu na Matagorda, kwenye pwani ya Texas, mwendo wa saa kumi alfajiri kikiwa cha daraja la kwanza, la chini kabisa. Wiki moja kabla, baada ya kukipiga kisiwa cha Carriacou huko Grenada, kilikuwa kimepanda hadi daraja la tano, na hakuna kimbunga kingine cha Atlantiki kilichowahi kurekodiwa kufikia daraja hilo mapema hivyo katika mwaka. Watu wengi hapa walisikia maneno "daraja la kwanza" wakalala usingizi. Daraja, hata hivyo, hupima kasi ya upepo peke yake; halisemi lolote kuhusu miti iliyosimama juu ya nyaya, wala kuhusu siku ambazo mtu ataishi bila friji wala kiyoyozi katika mwezi wa Julai. Kabla ya adhuhuri ya Jumatatu ile, zaidi ya wateja milioni 2.2 wa eneo la Houston walikuwa gizani.

Kazi ya kwanza ya siku ilikuwa jenereta. Tunayo moja tu ya jumuiya, iliyonunuliwa baada ya dhoruba ya upepo ya tarehe 16 Mei, ile iliyovunja madirisha ya maghorofa ya katikati ya jiji. Nimeiweka kwenye maegesho ya magari, zaidi ya mita sita kutoka dirisha lolote, bomba lake la moshi likielekea barabarani, na kila alfajiri huizima ipoe kabla ya kuongeza petroli. Inaendesha vitu vitatu: mashine ya oksijeni ya mzee mmoja wa ghorofa ya chini, friji ndogo ya ofisini ambamo familia nne zimehifadhi insulini, na meza ya kuchajia simu. Kila siku huombwa niongeze televisheni au kiyoyozi cha dirishani, na kila siku hukataa.

Kabla hata jua halijachomoza nilisikia muungurumo mwingine kutoka ghorofa ya pili. Kijana mmoja alikuwa amenunua jenereta yake usiku na kuiweka kwenye baraza, mlango ukiwa wazi ili waya upite. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki ili ajue kwamba inamwingia. Tulisaidiana kuishusha. Alipokuwa akishuka ngazi aliniuliza kama haingewezekana kuiunganisha kwenye soketi ya ukutani ili nyumba yote ipate umeme. Nikamweleza kwamba umeme huo hurudi nyuma kupitia mita hadi kwenye transfoma, ambako hupandishwa na kuingia katika waya ambao fundi wa laini anaushika akiamini kwamba umekufa. Maelfu ya mafundi hao walikuwa wamekuja kutoka majimbo mengine kutuwashia taa, na wengine walikuwa wakilala ndani ya magari yao.

Saa moja asubuhi tulipanda juu ya paa. Nasema tulipanda kwa sababu jirani yangu Mhonduras, ambaye kuezeka ndiyo kazi yake ya kila siku, alikuwa ameamka mapema kwa hiari yake kabla ya kwenda kibaruani. Vigae vya lami vilikuwa vimeng'oka katika upande mmoja wa jengo la tatu, na wakati wa mvua ya Jumatatu maji yalikuwa yamepita hadi darini. Turubai la bluu huonekana kama jambo jepesi, lakini wengi hulipigilia misumari moja kwa moja, na upepo wa kwanza hulichana. Kingo zake huzungushwa kwenye mbao za mbili kwa nne, kisha mbao ndizo zinazopigiliwa, na ukingo wa juu sharti uvuke kilele cha paa na kushuka upande wa pili, la sivyo maji hupenya chini yake. Kihispania changu ni cha dukani na yeye Kiingereza chake ni cha kazini, lakini hatukuhitaji maneno mengi. Saa mbili na nusu vigae vilikuwa vimepata moto kiasi cha kuchoma magoti, tukashuka.

Mti ndio uliochukua asubuhi iliyobaki. Ulikuwa mwaloni mkubwa uliong'oka na mizizi yake katika ardhi iliyolowa, ukalala juu ya magari mawili na kuburuta waya hadi chini. Vijana kadhaa walikuwa wamekusanyika na mapanga wakitaka tuanze, maana mmoja wao ndiye mwenye gari la mbele na alikuwa hajaenda kazini tangu Jumatatu. Waya wenyewe ulifanana na wa simu, na huenda ulikuwa wa simu kweli, lakini waya ulioanguka huhesabiwa kuwa hai mpaka mwenye mamlaka nao aseme vinginevyo. Tuliuzungushia utepe, tukaacha sehemu yote iliyougusa, tukaanza kukata kutoka upande wa pili.

Chenso, yaani msumeno wa injini, huua watu baada ya vimbunga, na mara nyingi si kwa sababu ya meno yake. Tawi lililolaliwa na shina huwa limepinda na limejaa nguvu; ukilikata upande uliovutika, linachanika na kukurudia kifuani. Kwanza unakata kidogo upande uliobanwa, kisha unamalizia upande wa pili ukiwa umesimama pembeni, na mtu mwingine haruhusiwi kukaribia mpaka mashine izimwe. Matawi yaliyokatika lakini bado yananing'inia juu ya mti wa jirani tuliyaacha kabisa. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye gari la kunyanyulia na bima. Gari la mbele lilitoka saa tano na robo likiwa na kioo kilichopasuka, na mwenyewe akaondoka nalo hivyo hivyo kwenda kuomba asifukuzwe kazi.

Adhuhuri nilikaa kivulini na chupa ya maji niliyoyatia chumvi na sukari, nikampigia dada yangu aliyeko Kilwa Masoko, ambako ilikuwa saa mbili usiku. Mwezi Mei mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kila saa, wakati Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, boti za Zanzibar zikasimamishwa na wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kwetu jambo hilo ni la nadra, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupindisha upepo hadi ujenge kimbunga. Wazee wa Lindi walikuwa bado wakikisimulia kile cha mwaka 1952 kana kwamba ni cha juzi. Huku msimu una tarehe zake, kuanzia Juni mosi hadi tarehe 30 Novemba, na majina ya vimbunga huandaliwa kabla. Dada aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu zuri kwake: inakuwaje nchi tajiri kiasi hicho, inayojua tarehe ya maafa yake, ikakosa umeme siku nne? Nilimwambia kuhusu miti na nguzo za mbao. Hakuridhika, na kusema kweli mimi mwenyewe sijaridhika mpaka leo.

Saa nane niliingia katika nyumba zilizovujiwa. Ukungu huhitaji siku moja au mbili tu kuanza kuota katika jipsamu ya kuta na dari iliyolowa, na sisi tulikuwa tumeshapitisha siku tatu katika joto la mvuke. Kwa kila nyumba nilimwomba mpangaji apige picha kwanza, dari, godoro, zulia, kila kitu, kabla sijagusa chochote, maana msaada wa serikali kuu hutaka ushahidi na watu wanaopenda usafi huutupa ushahidi wao siku ya kwanza. Kaunti yetu ya Harris iliingizwa katika orodha ya msaada wa FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, kwa watu binafsi siku iliyofuata, tarehe 12. Familia kadhaa za Kikongo ziliamini kwamba msaada huo ni wa raia tu. Si hivyo: mkimbizi anaweza kuomba, na hata mzazi asiyestahili anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake aliyezaliwa hapa. Mama mmoja kutoka Uvira alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa, hayo uyaandike kwenye karatasi, ubandike mlangoni pa ofisi, maana kesho utakuwa na maneno mengine." Nikafanya hivyo.

Friji zenyewe sitazieleza kwa kirefu. Friji iliyofungwa hutunza chakula kwa muda wa saa nne, na friza iliyojaa kwa siku mbili, kwa hiyo Jumanne jioni watu walikuwa wamepika nyama zao zote uani na kugawana, na kilichobaki Alhamisi kilikuwa cha kutupwa. Nilikuwa na barakoa na mifuko ya taka. Yanatosha hayo.

Saa kumi jioni nilikwenda kutafuta petroli na barafu. Taa za kuongozea magari katika Barabara ya Bellaire zilikuwa zimezimika njia panda baada ya njia panda, na sheria ni kwamba kila gari lisimame na kupishana kwa zamu, jambo ambalo madereva wa Houston, wasiosifika kwa upole, walilifuata vizuri ajabu. Ugumu ulikuwa kujua wapi kuna umeme. Ramani ya kukatika kwa umeme haikuwapo, na watu wakagundua kwamba programu ya simu ya migahawa ya Whataburger inaonyesha matawi gani yako wazi na yapi yamefungwa. Penye mgahawa ulio wazi, huenda na kituo cha mafuta kinafanya kazi. Niliongozwa na ramani ya mahali pa kuuzia baga hadi kwenye kituo chenye foleni ya kadiri ya saa moja, nikajaza madumu mawili. Barafu niliipata kwenye duka la Wavietnamu, mifuko sita, na mwenye duka alipojua ni ya kuhifadhi dawa aliongeza wa saba bila kunitoza.

Niliporudi, lundo la matawi maegeshoni lilikuwa limefika urefu wa kifua. Jiji hupitisha magari yake mbele ya nyumba za familia kukusanya uchafu wa dhoruba, lakini majengo makubwa ya kupangisha huhesabiwa kuwa biashara, na mwenye mali hupaswa kukodi lori. Wetu alikuwa bado "anatafuta bei". Tulilipanga upya hata hivyo, matawi peke yake, mabaki ya dari peke yake, friji zilizokufa peke yake, kwa sababu lori likija na kukuta vimechanganyika, bei hupanda.

Saa kumi na mbili jioni nilizunguka milango ya wazee. Huu ndio mzunguko nisiouruka kamwe, hata nikiwa nimechoka kiasi gani, kwa kuwa vifo vingi vinavyohusishwa na Beryl hapa Texas vilitokea baada ya upepo kutulia, na joto lilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Sibishi hodi na kuuliza kama wako salama. Wote husema wako salama. Huwauliza wamekunywa nini tangu adhuhuri na huwatazama ngozi. Bibi mmoja Muafghani alikuwa na ngozi kavu, ya moto, na majibu yake hayakuwa yakifuatana na maswali. Mwanawe aliita gari la wagonjwa, nasi tukamweka vitambaa vyenye barafu shingoni na kwapani mpaka lilipofika. Kwa mzee wa oksijeni nilipiga namba 211 mbele yake, tukamwandikisha katika daftari la jimbo la watu wanaohitaji msaada maalumu wakati wa dharura, ili msimu ukiendelea, nao ulikuwa na miezi zaidi ya minne mbele, asitegemee jenereta yangu peke yake.

Saa tatu usiku jengo la kwanza liliwaka. Linalishwa na laini tofauti na yetu, na makofi yalisikika mpaka barabarani. Nilikimbia kuwaambia wasiwashe viyoyozi vyote kwa pamoja, maana transfoma iliyorudishiwa mzigo kwa mkupuo inaweza kulipuka mbele ya macho ya watu. Kisha akina mama walikaa kwenye ngazi na kupanga nani alale kwa nani: watoto wachanga na wajawazito kwanza, kisha wazee, wanaume wabaki na madirisha yao. Mipango hiyo ilifanyika kwa lugha nne na ilichukua muda mfupi kuliko mkutano wowote wa wapangaji niliowahi kuhudhuria. Bibi wa Kiafghani alirudishwa kutoka hospitali saa tano na nusu, akapewa kitanda katika nyumba ya Wahonduras. Majengo mengine yalipata umeme Jumamosi, la mwisho Jumapili jioni. Lori la matawi lilikuja wiki iliyofuata.