Nilivyoujua usiku ambao farasi wangu angezaa

Kila niliyemuuliza hapa Nanyuki alinipa jibu moja: hesabu siku 340 tangu apandwe na dume, basi. Huo ni wastani tu. Farasi jike anaweza kuzaa siku ya 320, au akakupeleka hadi 365, na mtoto akawa mzima kabisa. Mimi nilitii, nikahamia bandani na blanketi kuanzia siku ya 338. Tausi, farasi wangu, ananitazama tu huku akitafuna nyasi.

Kiwele kilikuwa kimeanza kujaa wiki tatu nyuma. Nyama za shina la mkia zikalegea, ukizibonyeza zinacheza. Ile nta ya manjano kwenye ncha za chuchu, ambayo watu huapa kwamba ikitokea zimebaki saa 24 hadi 48, sikuiona hata siku moja. Wapo wasioitoa kabisa.

Kilichoniokoa ni maziwa. Uzazi ukikaribia, kalsiamu yake hupanda na pH, yaani kipimo cha uchachu, hushuka, kutoka kama 7.5 hadi 6.4 au chini. Mwanzoni nilifanya ujinga: nilinunua karatasi za kupimia pH za bei ya chini, za kipimo cha 1 hadi 14. Rangi ya 6 na ya 7 ni mapacha, nami nazisoma gizani kwa tochi ya simu yenye mwanga wa buluu! Siku tatu mfululizo nikaandika “labda”. Tafuta zinazopima 6 hadi 8 kwa hatua za 0.2, hata kama bei ni mara tatu hivi, na uzisome chini ya taa ileile kila siku.

Tena pima jioni. Wengi huzaa usiku, na pH inaweza kuporomoka kati ya asubuhi na magharibi. Futa chuchu, mwaga matone ya kwanza, kamua nusu kijiko cha chai tu; zaidi ya hapo unamwibia mtoto dang'a.

Siku ya 348 nilipata 7.2, ya 350 ikawa 6.8, ya 351 saa kumi na mbili jioni 6.2. Saa saba kasoro usiku jasho likamtoka mbavuni, akawa analala na kuinuka. Maji yalipopasuka, dakika 20 hazikuisha mtoto akawa chini. Mkasi nilikuwa nao mfukoni: badala ya utando mweupe ukiona mfuko mwekundu kama mahameli, upasue palepale, mtoto anakosa hewa.

Anayezaa mara ya kwanza usimwamini sana, kiwele chake huweza kujaa siku ileile. Na maziwa yakichuruzika mwezi wa tisa wa mimba, weka karatasi kando, mwite daktari wa mifugo. Huenda kondo limeingiwa na maambukizi. Kondo la Tausi lilitoka saa moja na nusu baada ya kuzaa. Ningesubiri hadi saa tatu zipite, kisha ningepiga simu.