Fielder Iliyokuwa Ikila Moto Usiku

Baridi ya Julai 2019 niliitwa Zimmerman, Nairobi, kuangalia Toyota Fielder ya mwalimu mmoja, lile umbo la zamani, NZE121. Akiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri stata inagonga tu, tik-tik-tik, na taa za dashibodi zinafifia. Alikuwa ameshanunua betri mpya aina ya NS60, na baada ya wiki chache mambo yakarudi palepale. Fundi wa jirani alikuwa ameshaihukumu alternata, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Mwalimu mwenyewe alishuku traka, kile kifaa cha kufuatilia gari liliko, maana gari alilinunua kwa mkopo wa sacco na traka ilikuwa sharti.

"Fundi, nikuletee gari gereji Jumamosi?"

"Hapana Mwalimu, liache linapolala, nitakuja mimi. Na asubuhi hiyo usilifungue mlango kabla sijafika."

Gari linaloisha moto, yaani umeme wa betri, likiwa limeegeshwa hupimwa likiwa limeegeshwa. Likiendeshwa hadi gereji, alternata huwa imeichangamsha betri juujuu, na ukiipima pale unasoma volti za kupendeza ambazo baada ya saa mbili hazipo. Betri iliyojaa na kutulia usiku kucha inasoma volti 12.6 au 12.7. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo hivi. Ya Mwalimu ilisoma 11.7. Hiyo haiwashi kitu.

Kabla ya kugusa waya wowote niliweka mkono juu ya alternata. Dayodi ya alternata, inayoruhusu moto kupita upande mmoja tu, ikivuja, moto hurudi kutoka kwenye betri usiku kucha, na mara nyingi alternata huwa na vuguvugu asubuhi wakati injini ni baridi kabisa. Hii ilikuwa baridi sawa na injini. Nikaitoa betri yake, nikaweka yangu iliyojaa, kwa sababu betri dhaifu huvuruga vipimo vyote vinavyofuata. Injini ikawaka. Mita ikaonyesha 14.2 kwenye vichwa vya betri. Tulipowasha taa kubwa na feni ya ndani ikashuka hadi 13.8 na kukaa hapo. Alternata haikuwa na kesi. Ni jambo la dakika tano, na ni ajabu ni alternata ngapi zinauzwa kwenye vipuri vya Grogan kila wiki bila mtu kupima hivyo kwanza.

Sasa kazi yenyewe: kupima ampea zinazotoka wakati kila kitu kimezimwa. Boneti liwe wazi, milango ifungwe. Mlango mmoja nilihitaji kuuacha wazi ili nifikie fyuzi za ndani bila kuliamsha gari, kwa hiyo ile swichi ndogo ya mlango iliyo kwenye fremu niliibonyeza ndani na kuishikilia kwa tepu. Gari likadhani mlango umefungwa na taa ya ndani ikazima. Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, ufunguo pia upelekwe mbali, hata ndani ya nyumba, kwa sababu ukiwa karibu unaweza kuliweka gari macho.

Mita huunganishwa kati ya kichwa cha hasi na waya wake, si sambamba na betri. Probu nyekundu ihamishwe kwenye tundu la ampea 10. Mimi huanza kwa kuunganisha waya mfupi wenye vibanio kutoka kichwa cha hasi hadi klampu, kisha ndipo ninailegeza klampu kwa spana namba 10, naweka mita, halafu natoa ule waya mfupi. Hivyo moto haukatiki hata sekunde moja. Ukikatika, kompyuta za gari na alamu huamka upya, na itabidi usubiri tena. Na mtu asithubutu kugeuza ufunguo wakati mita imo njiani: stata inavuta zaidi ya ampea 100 na fyuzi ya mita inaruka papo hapo.

Mwanzoni ilisoma ampea 1 na kitu. Hapo wengi hushtuka na kuanza kuchomoa fyuzi. Nilimwomba Mwalimu chai, tukangoja nusu saa ili kila kitu kilale. Namba ikashuka ngazi kwa ngazi, ikakwama 0.41.

Gari zima lililolala linapaswa kula chini ya ampea 0.05, yaani miliampea 50, za saa, alamu na kumbukumbu ya redio. 0.41 kwa siku moja ni kama ampea-saa 10. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60, kwa hiyo karibu ampea-saa 25 zimekwenda, na NS60 ina kama 45 tu ikiwa mpya na imejaa. Ya kwake haikuwa imejaa kamwe, kwa sababu shule ni karibu na mwendo wa dakika kumi na tano ndani ya jam, taa zikiwaka, haurudishi kilichopotea.

Tukaanza na mshukiwa wake. Traka ilikuwa nyuma ya dashibodi, na waya wake ulikuwa na kishika-fyuzi kinachofikika. Nilipoichomoa, 0.41 ikawa 0.38. Traka hula kidogo na kwa vipindi, inaamka, inatuma, inalala. Si yenyewe iliyokuwa ikimaliza betri. Nikairudisha hapohapo, maana sacco hupigiwa simu ikizimika.

Badala ya kuchomoa fyuzi moja moja, niliiacha mita ya kwanza mahali pake na kutumia ya pili kwenye milivolti, nikigusa vile vinundu viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha moto inasoma 0.0. Inayopitisha inaonyesha tofauti ndogo, kwa sababu kila fyuzi ina ukinzani wake. Kwenye kisanduku cha injini zote zilikuwa sifuri au karibu, isipokuwa ile ya DOME, ya ampea 15: milivolti 1.6 hivi. Kwa fyuzi ndogo ya ampea 15 hiyo ni kama theluthi moja ya ampea. Nikaichomoa, na mita ya kwanza ikaanguka hadi 0.06.

DOME kwenye gari hilo inalisha taa za ndani, saa, na waya wa kumbukumbu wa redio. Taa zilikuwa zimezimwa, hata ya buti. Redio ilikuwa ya Android yenye skrini kubwa.

"Mwalimu, ukitoa ufunguo redio inajizima?"

"Haijizimi. Naizima kwa kidole. Si ndivyo zilivyo?"

Sivyo zilivyo. Magari mengi ya Japani yanafika hapa na redio ya FM ya kuanzia 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo karibu kila gari limewahi kufunguliwa dashibodi na mtu, ama kuwekewa ekspanda, kifaa cha kuhamisha masafa ya redio, ama redio mpya, na mimi huanza kushuku hapo kabla ya kushuku kiwanda.

Tulipoitoa redio, waya wa njano na mwekundu walikuwa wamesokotwa pamoja chini ya tepu nyeusi. Wa njano ni wa moto wa kudumu, wa kutunza kumbukumbu. Mwekundu unapaswa kupata moto ufunguo ukigeuzwa tu, kuanzia ACC, ile hatua ya kwanza ya redio kabla ya injini kuwashwa. Ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Wakisokotwa, redio inadhani ufunguo umo siku zote. Skrini ikizimwa kwa kidole inakuwa nyeusi, lakini ndani kompyuta iko macho.

Aliyeifunga hakufanya hivyo kwa kupenda. Waya wa kijivu wa Toyota, ambao ndio ACC, ulikuwa hauna moto hata ufunguo ukigeuzwa. Nikamwuliza Mwalimu kama vioo vya pembeni vinasogea kwa swichi. Akasema vilikufa zamani, pamoja na tundu la kuchajia simu. Kwenye NZE121 vitu hivyo vitatu vinakula fyuzi moja, CIG, ya ampea 15, chini ya usukani. Ilikuwa imeungua, na ndani ya lile tundu ncha ya chaja ya bei rahisi ilikuwa imevunjika na kubaki imelala kati ya chanya na hasi.

Nikatoa ile ncha kwa koleo, betri ikiwa imefunguliwa upande wa hasi. Fyuzi mpya, ampea 15 ileile. Mwekundu ukaenda kwenye kijivu, njano kwenye buluu yenye mstari wa njano, kila kiungo kikachomwa risasi na kuvikwa mpira unaonywea kwa joto. Kijivu kikasoma sifuri bila ufunguo, 12 kwenye ACC. Baada ya nusu saa nyingine mita ilisimama 0.04, ikipanda kidogo traka inapotuma.

Betri yake niliichaji polepole, ampea 4.5, usiku kucha, kisha nikaiacha itulie hadi kesho yake. Ilisoma 12.5 na haikupanda zaidi. Betri ya risasi ikilazwa tupu mara kwa mara, salfeti hugandamana kwenye sahani na sehemu ya uwezo wake hairudi. Wakati wa kupiga stata ilishuka hadi 10.3, chini ya 9.6 ningemwambia anunue nyingine. Ilimvusha hadi mwaka uliofuata. Alternata ni ileile.