Gari la umeme kuchomoka mkia kwenye lami yenye maji: jinsi lilivyotulizwa

Gari dogo lenye mota 2 za nyuma, likishuka mteremko wa Bugando, Mwanza, baada ya mvua, lilichomoka mkia kwenye kona, yaani sehemu ya nyuma iliteleza kando. Kidhibiti-tabiri, yaani programu inayotabiri mwendo wa gari na kuchagua amri za mota, kilikadiria mshiko wa tairi kwa mstari mnyoofu, kana kwamba nguvu yake huongezeka tu kadiri tairi linavyopinda. Tairi likianza kuteleza, mstari huo ni uongo mtupu.

Modeli ya fizikia, yaani milinganyo ya mwendo wa gari ndani ya kidhibiti, ilibaki. Juu yake ukawekwa mtandao mdogo wa neva, tabaka 2 za neva 16, unaotabiri kosa la modeli tu. Ndani ya neva tumia kanuni ya tanh, yenye mchoro laini, si ReLU, yenye mchoro uliovunjika: mivunjiko ya ReLU hukisumbua kitafuta-suluhisho, sehemu ya programu inayotafuta amri bora.

Hesabu zikapita milisekunde 20 za kila mzunguko. Dawa: nyoosha mtandao (uukadirie kwa mstari mnyoofu) mara 1 tu kwa mzunguko, na utabiri uende hatua 15 tu mbele.

Data za lami kavu pekee hazitoshi. Changanya na za tope, na jibu la mtandao liwekewe kikomo.