Mbwa Hagombei Uongozi wa Nyumba

Kwenye kipindi cha televisheni, mbwa amelazwa ubavu, mkono wa mkufunzi umembana shingoni. Alikuwa akifurukuta, sasa yuko kimya. Muziki unapoa na msimulizi anatangaza kuwa hatimaye amemtambua bosi wake. Zima sauti, rudisha kipande hicho nyuma, utazame uso wa mbwa peke yake. Masikio yamelala kisogoni. Weupe wa jicho umejitokeza pembeni kama mwezi mchanga. Ulimi unachomoka upesi na kulamba pua, na hakuna chakula karibu. Mkia umebanwa tumboni. Mbwa huyo ameganda kwa hofu, na mamilioni ya watazamaji wameambiwa kuwa huo ndio utii.

Imani hii ya ubabe, kwamba mbwa hugombea uongozi na lazima atiishwe kwa nguvu, ilitokana na mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza), tena wa kifungoni. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha utafiti wake kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wakigombana, hakuna aliyeweza kuondoka akaanzishe maisha kwingine kama afanyavyo mbwa mwitu wa porini. Mtafiti wa mbwa mwitu David Mech aliieneza dhana ya dume linalotawala kwa nguvu katika kitabu chake cha 1970, kisha akaenda kuwatazama mbwa mwitu huru kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, majira ya joto baada ya majira ya joto. Mwaka 1999 aliandika alichokiona: kundi la porini kwa kawaida ni familia, yaani baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti. Aliyekubali hadharani kuwa amekosea ni yeye mwenyewe, hata akamwomba mchapishaji aache kukitoa kitabu kile. Heshima yake kwa hilo ni kubwa.

Televisheni haikumsikia. Kipindi cha mkufunzi wa mbwa Cesar Millan kilianza kurushwa mwaka 2004 kwenye National Geographic, kikiwa na tahadhari ya maandishi kwamba watu wasijaribu mbinu zile bila mtaalamu. Watu walizijaribu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wamiliki 140 wa mbwa wenye matatizo ya tabia: pale mbwa alipolazwa chali kwa nguvu, karibu theluthi walijibu kwa ukali. Ukitafakari, mbwa anayeamini anashambuliwa hana njia nyingi za kujitetea.

Kosa linaloumiza watu zaidi ni kumwadhibu mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Ukilikomesha kwa kofi, hofu inabaki palepale, onyo tu ndilo linaloondoka, na siku nyingine meno yatakuja bila taarifa. Hapo ndipo utasikia watu wakisema, "Kamng'ata ghafla tu."

Chukua mbwa anayenguruma ukikaribia bakuli lake. Kwenye skrini angenyang'anywa bakuli ili ajue nani mkubwa, na kwa kufanya hivyo angethibitishiwa kilekile alichokiogopa. Fanya kinyume. Kata nyama iliyopikwa vipande vidogo kama punje ya mahindi. Lazima iwe tamu kuliko kilichomo bakulini, la sivyo zoezi halitafanya kazi. Tafuta umbali ambao mbwa anaendelea kula mwili ukiwa laini. Kwa wengine ni mita 2, kwa wengine 4. Pita hapo, tupa kipande kimoja karibu na bakuli bila kusimama, ondoka. Rudia mara 5 hadi 8 katika mlo mmoja. Akianza kuinua kichwa na kukutazama kwa shauku kila unapotokea, siku mbili tatu mfululizo, sogea nusu hatua.

Wengi huharibu hapa kwa haraka: siku ya tatu wanataka kutia mkono bakulini. Angalia shingo. Ikikakamaa, au mbwa akianza kubugia upesi, umekaribia mno. Rudi ulipokuwa jana. Watoto wasishiriki kabisa. Mbwa ale nyuma ya mlango uliofungwa wakiwa nyumbani, na kama ameshawahi kung'ata, zoezi lisianze bila mtaalamu wa tabia za mbwa kuwepo.

Na kutangulia mlangoni, kunakodaiwa kuwa dalili ya kutaka uongozi? Mbwa ana kasi kuliko sisi, na nje kuna harufu. Basi. Shika kitasa akiwa amekaa, fungua kidogo, akiinuka funga taratibu bila neno na bila kumbana pua. Akibaki amekaa sekunde moja mlango ukiwa wazi, mruhusu atoke: kutoka ndiyo zawadi yenyewe. Kuvuta kamba ni vivyo hivyo; kamba ikikaza simama, ikilegea endelea. Ukikubali avute mara moja kati ya kumi kwa sababu umechelewa, utamfunza kuvuta kwa bidii zaidi.

Mbwa mpole aliyebadilika kuwa mkali ndani ya siku chache apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, atazamwe meno, masikio na viungo. Jino bovu linatosha kumfanya angurume akiguswa kichwani.