Utabiri wangu wa wikiendi ya dabi (na kwa nini Michigan wananinyima raha)

Haya wadau, wikiendi yenyewe ndo hii. Msimu wa kawaida wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo huku Marekani unaisha Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024 na kama kawaida wiki ya mwisho wanaweka dabi zote pamoja, yaani mtu unakula bata mzinga wa sikukuu ya Thanksgiving leo Alhamisi halafu kuanzia kesho ni kukaa kwenye kochi na kiporo mpaka Jumapili. Nimeombwa utabiri na watu kibao kwenye grupu, wengine nawajua kabisa wanataka kuweka mkeka, kwa hiyo natoa wote hapa mara moja, na mkeka ukichanika usinitafute.

Kwa wageni kidogo tu. Hawa ni wanafunzi wa chuo, ndio, lakini usiwachukulie poa. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000, Ohio Stadium, uwanja wa Ohio State hapa Columbus, unabeba 102,780 na unajaa mechi baada ya mechi. Mwaka huu kuna jipya pia, mchujo wa ubingwa umetoka timu nne umekuwa timu 12. Zamani ukifungwa dabi ya mwisho ulikuwa unaweza kuaga msimu mzima pale pale, sasa hivi timu kubwa inaweza kupigwa Jumamosi na bado ikaingia mchujo. Kuna watu wanasema hiyo imeua utamu wa dabi. Mi nasema hao watu hawajawahi kuishi Columbus wiki ya kucheza na Michigan, mahasimu wetu.

Maana huku wiki hii herufi M imepigwa marufuku. Sio utani, chuoni wanapita na utepe mwekundu wanaweka alama ya X kwenye kila M ya kila kibao, ukiangalia jina la jengo unakuta limebaki na mapengo. Na mchezaji wa Ohio State akiifunga Michigan anapewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali, desturi iliyoanza 1934. Sasa sikia hii: kina Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, wote hao walikuwa na uwezo wa kwenda NFL, ligi ya kulipwa, mwaka huu wakachagua kubaki chuo, na hakuna hata mmoja mwenye hicho kidani. Miaka mitatu mfululizo wamepigwa: 42-27 mwaka 2021, 45-23 hapa hapa nyumbani 2022, 30-24 mwaka jana. Sawyer ni mtoto wa Pickerington, hapo nje kidogo ya mji. Huyo ukimwambia kuna timu 12 kwa hiyo asijali akifungwa, atakuangalia tu.

Kwenye karatasi hii sio mechi. Ohio State ni namba 2 kwenye orodha ya timu bora nchini, amepoteza moja tu, 32-31 kule kwa Oregon mwezi wa kumi, na Jumamosi iliyopita amempiga Indiana ambaye alikuwa hajafungwa, 38-15. Michigan wana 6-5, yaani wameshinda sita wamefungwa tano. Kocha Harbaugh aliwapa ubingwa wa taifa mwezi wa kwanza akaondoka zake kwenda Chargers ya NFL, McCarthy aliyekuwa kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) naye akaenda NFL, na tangu hapo kurusha mpira kwao ni mateso matupu. Will Johnson, yule kona wao hatari (beki anayekaba wadakaji), ameumia muda mrefu. Kampuni za kubeti zinampa Ohio State kama pointi 20, yaani zinatarajia ashinde kwa tofauti hiyo. Ishirini! Kwenye dabi!

Mi hiyo ishirini siigusi na nitawaambia kwa nini. Watu wanaangalia Jeremiah Smith, yule dogo wa mwaka wa kwanza anayedaka mipira kama ana gundi mkononi, wanaangalia Egbuka, wanaangalia kwotabeki Will Howard anavyorusha, wanasema imeisha hiyo. Mi naangalia wale majitu watano wa mbele wanaomlinda kwotabeki. Josh Simmons wa kushoto aliumia mechi ya Oregon akaisha msimu. Wakamweka mwingine naye akaumia, ikabidi Donovan Jackson atolewe kwenye nafasi yake ya gadi, ya ndani, asogezwe nje. Halafu wiki ya Indiana Seth McLaughlin, senta wao, kachanika kano ya kisigino mazoezini, sasa katikati yuko Carson Hinzman. Kwa hiyo ukuta umepangwa upya zaidi ya nusu yake, na Michigan mwaka huu wana kitu kimoja tu cha maana na kiko hapo hapo katikati: Mason Graham na Kenneth Grant, madume mawili yenye zaidi ya kilo 140 kila moja, hawasogezeki.

Ningekuwa mimi ndo kocha Ryan Day ningerusha mpira pembeni kuanzia dakika ya kwanza mpaka Michigan waombe poo, hawana watu wa kumkaba Smith. Lakini Day ana kitu kuhusu hii mechi. Wameshasema sana kwamba timu yake ni laini, na ninavyomuona anataka kuonyesha kwamba anaweza kuwapiga Michigan kwa nguvu, pale pale katikati, kwa kukimbiza mpira. Amewafunga mara moja tu, 56-27 mwaka 2019, 2020 mechi ikafutwa kwa ajili ya korona, halafu hizo tatu za aibu. Mtu mwenye kidonda hicho akili haifanyi kazi sawasawa. Akianza kuwapeleka wakimbiaji wake Henderson na Judkins kifuani kwa Graham kila mara, mechi itakaa karibu mpaka mwisho na uwanja utaanza kunyamaza, na mi huo ukimya wa 2022 bado naukumbuka vizuri.

Ila sidhani Michigan wanaweza kupata pointi za kutosha. Difensi ya Ohio State ni ya moto, waliwazuia Penn State kule kwao pale kwenye mstari wa goli kabisa mwezi huu wakashinda 20-13, na Caleb Downs anasoma mchezo kama ameuandika yeye. Utabiri: Ohio State 24, Michigan 13. Anashinda lakini pointi 20 hazifiki. Saa sita mchana huku, kwenu Afrika Mashariki ni saa mbili usiku, muda mzuri kabisa, tafuteni linki.

Nyingine ambayo naisubiri kwa hamu, pengine kuliko hata hii ya kwetu ukiondoa presha, ni Texas kwenda kwa Texas A&M. Hawa jamaa walianza kukutana 1894 halafu hawajacheza tangu 2011, yaani ndugu wa jimbo moja wamenuniana miaka 13 kwa sababu A&M walihamia ligi ya SEC na Texas wakabaki. Mara ya mwisho ilikuwa uwanja huu huu, Kyle Field, Texas wakashinda 27-25 kwa teke la Justin Tucker la dakika za mwisho kabisa, na mashabiki wa A&M wamekaa na hiyo kitu rohoni muda wote huo. Sasa Texas naye kaingia SEC mwaka huu na mechi ya kwanza tu dau ni kubwa: anayeshinda anaenda Atlanta kucheza fainali ya ligi na Georgia.

Usiku wa kuamkia mechi wanafunzi wa A&M wanajaa uwanjani kufanya mazoezi ya kushangilia. Hakuna mechi hapo, ni mazoezi ya kelele tu. Na siku yenyewe wanasimama mwanzo mpaka mwisho, hakai mtu. Kwotabeki mgeni hapo hasikii hata anachosema mwenyewe, na Quinn Ewers wa Texas alipata shida ya kifundo cha mguu wiki iliyopita na Kentucky, kwa hiyo nina wasiwasi naye kidogo. Lakini A&M wametoka kuachia mechi kwa Auburn 43-41 baada ya vipindi vinne vya nyongeza, kwotabeki wao dogo Marcel Reed ana miguu ila bado hajakomaa kwenye kurusha, na difensi ya Texas mwaka huu haina huruma. Texas 23, A&M 16. Inaanza saa moja na nusu jioni huku, kwenu saa tisa na nusu alfajiri ya Jumapili, mwenye moyo aamke.

Kesho Ijumaa saa sita mchana kuna Colorado na Oklahoma State. Hii sitaki kuizungumzia kama mechi maana Oklahoma State hawajashinda hata moja kwenye ligi yao. Itazame kwa ajili ya Travis Hunter wa Colorado. Huyu kijana anacheza kushambulia na anacheza kuzuia, mechi nzima, hatoki. Nani alikuwa anafanya hivyo zama hizi? Kama tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, hawampi yeye basi waifute tu. Colorado 48-17, na kocha wao Deion Sanders atavaa miwani.

Ijumaa usiku Georgia Tech wanaenda kwa Georgia. Tech hawajawafunga hawa jamaa tangu 2016, ila mwezi huu wamemfunga Miami na Haynes King ni kwotabeki asiyeogopa kugongwa, anaingia kichwa kichwa utadhani mpiga ngumi. Georgia tayari ana nafasi yake fainali ya SEC kwa hiyo kuna hatari ya kucheza kwa kujilinda. Bado nawapa Georgia, 31-20. Mwenye kupenda kubeti kwa underdog, yule mnyonge, hapa aangalie vizuri.

Iron Bowl, Auburn kwenda kwa Alabama. Alabama wametoka kupigwa 24-3 na Oklahoma na watu wa Tuscaloosa, mji wa chuo hicho, wameshaanza kumuangalia kocha DeBoer kwa jicho lile. Auburn ni 5-6, timu mbovu, lakini hii dabi ina uchawi wake. Mwaka 2013 Alabama walipiga teke la mbali sekunde ya mwisho likapelea, Chris Davis wa Auburn akaudaka mpira mwisho kabisa wa uwanja akakimbia nao mpaka upande wa pili, mechi ikaisha 34-28, watu hawajui washangilie au walie. Mwaka jana tena Alabama wakiwa na jaribio la nne, yaani la mwisho, na yadi 31 za kwenda, THELATHINI NA MOJA, kwotabeki wao Milroe akarusha kwa Isaiah Bond kwenye kona wakashinda 27-24. Kwa hiyo akili inasema Alabama 30-17, na mkono wangu unakataa kuweka hela.

Notre Dame watampiga USC kule Los Angeles, 34-21. Walifungwa na Northern Illinois mwezi wa tisa, 16-14, aibu ya mwaka, na tangu siku hiyo hawajapoteza. Mkimbiaji wao Jeremiyah Love akipata nafasi ndogo tu hamumshiki.

Miami kwa Syracuse nayo ina kakitu. Kwotabeki wa Syracuse ni Kyle McCord, huyo huyo aliyekuwa Ohio State mwaka jana na pasi yake ya mwisho kule Ann Arbor ikanyakwa na Michigan, mji huu ukamgeuka, akahama. Mwaka huu anarusha mipira kama mtu mwenye deni la kulipa. Difensi ya Miami inavuja kweli, ila kwotabeki wao Cam Ward atawaokoa tena, 41-37.

South Carolina na Clemson sijui nifanyeje. South Carolina wameshinda tano mfululizo na kwotabeki wao LaNorris Sellers ni dogo mkubwa, ukimkamata mguu anaendelea kutembea na wewe. Watu wengi wanaenda na Clemson kwa sababu ni nyumbani. Mi naenda South Carolina kwa pointi moja, 24-23.

Na Oregon, namba moja, wanawakaribisha Washington waliowafunga mara mbili msimu uliopita. Safari hii hapana, Oregon 38-17, ila nitaishika nusu nusu tu maana inagongana saa na ya Texas na tivii sebuleni ni moja.