Kuku wangu wa kuchi: wiki ya dawa ya Mwana Kisirani

Mradi ulikuwa kuku wanne wa kuchi ndani ya kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba yetu, Langoni: jimbi mmoja na makoo watatu. Wiki hii mradi umekuwa kuku mmoja, koo aitwaye Mwana Kisirani. Kwa asiyewajua kuchi, ni warefu, shingo imesimama kama askari wa lindo, na upanga wao ni mdogo, umejibana kichwani. Hapa Lamu hufugwa kwa fahari kuliko kwa mayai. Ukitaka mayai tafuta kuku wengine.

Jumamosi. Mwana Kisirani kaamka uso umevimba upande wa kushoto, jicho lina povu, puani kamasi. Nilipomnusa nikajua, maana mafua ya kuku yana uvundo wake. Nikamtenga chini ya ngazi na chombo chake cha maji, kwa kuwa ugonjwa huu huenea haraka kupitia maji wanayonywa pamoja. Dawa hupimwa kwa uzito, na mizani sina, basi nikamtia kwenye pakacha nikaenda kwa muuza samaki.

"Huyu wauza?"

"La, ami, ni mgonjwa."

Akarudi nyuma hatua mbili. Mwishowe alikubali kulitundika pakacha kwenye ndoana ya mizani, mbali na changu wake. Kilo 2 na robo, pakacha limeshatolewa. Nikapanda boti hadi Mokowe. Daktari wa mifugo akanipa dawa ya maji na sirinji isiyo na sindano: mililita 1 asubuhi na 1 jioni, siku 5. Hicho ni kipimo cha kuku huyu na dawa hii, usikibebe ukampe wako.

Jumapili nilimtilia dawa kwenye maji. Hakuyagusa. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, na uchungu anaujua vizuri sana, tofauti na tunavyomdhania. Adhuhuri nikamkuta amechomoka anakunywa maji ya kutawadhia.

Jumatatu nikaloweka dawa kwenye kipande cha mkate wa mofa. Akakidonoa mara moja, akapangusa mdomo kwenye sakafu, akakipa mgongo. Basi nikasema nitamshika. Nilimfukuza toka ngazini hadi kisimani, tukaangusha mbuzi ya kukunia nazi na ndoo mbili. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka akiteua mchele, hata hakuinua uso. "Yeo umeshindwa na kuku?" Nimeshindwa, bibi.

Jumanne ndiyo siku niliyoogopa. Mpwa wangu alimbana kifuani kwa nguvu, mimi nikafungua mdomo nikasukuma dawa yote kwa mkupuo. Kuku akakohoa, akatikisa kichwa, upanga ukaanza kugeuka zambarau. Tulikuwa tumekosea mara mbili. Kuku hana kiwambo cha kupumulia, ule msuli wa chini ya mapafu, kama chetu. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua, kwa hiyo ukimbana pale umemziba pumzi. La pili, tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, katikati. Mmulikie kwa tochi ya simu utaliona likifunguka na kufumba. Ukisukuma dawa katikati, unaipeleka mapafuni. Tulimwachia, akapata nafuu baada ya dakika chache ambazo kwangu zilikuwa ndefu. Nikampigia daktari. Akaniambia nihesabu siku 5 upya, kuanzia dozi ya kwanza itakayoshuka sawasawa.

Jumatano, baada ya magharibi. Hapa ndipo nilipopata njia, na ningeijua Jumamosi ningeokoa ndoo zangu. Kuku gizani haoni kitu. Mwana Kisirani hulala pale chini ya ngazi, juu ya boriti zilizobaki tulipotengeneza dari, na saa moja na nusu usiku nilimchukua kama anayechukua mto kitandani. Hakupiga hata ubawa. Nikamzungushia leso kuukuu, mbawa ndani, kifua hakikukazwa, nikamweka mapajani akiwa wima. Usimlaze chali.

Kuufungua mdomo kulinishinda kwanza. Wengi hushauri uvute vile vijinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo, ila kuchi hana vya kushika. Nikaacha kufungua kabisa. Niligusisha ncha ya sirinji pembeni, upande wake wa kulia, mahali midomo inapokutana, nikadondosha tone moja. Akalimeza mwenyewe. La pili, akalimeza. Mililita 1 ilichukua kama dakika nne, mpwa akishika tochi na kupiga miayo. Asubuhi huwa namchukua kabla ya alfajiri kukolea, kabla hajashuka.

Alhamisi na Ijumaa vivyo hivyo. Jumamosi povu la jicho limekwisha. Jumapili uvimbe umeshuka, na kaniparura mkono, nikafurahi. Dozi ya mwisho ilikuwa Jumatatu asubuhi. Hajataga tangu augue, na hata akitaga, yai haliliwi mpaka siku alizoandika daktari kwenye chupa zipite. Bibi hili halimuingii akilini. Anasema dawa si sumu.

Lililobaki ni zito kuliko dawa. Kuku aliyepona mafua haya anaweza kuyabeba ndani kimya, akawaambukiza wageni. Wale makoo wengine wawili na jimbi wameshakaa naye, basi hawa wanne ni kundi moja sasa, haingii mtu. Na mimi nilishalipa arubuni ya kuku mitamba wawili huko Matondoni. Nilipompigia mwenye kuku, akasema pesa haitarudi ila anaweza kunipa bata. Nimemuomba anipe mpaka Ijumaa.